Yadi imekuuzia gari bovu? Namna ya kudai pesa zako katika Mahakama ya Madai Madogo

Siku ya tisa baada ya kulichukua gari yadini, nilikuwa napanda kilima cha Mazeras nikitoka Mombasa. Nilikanyaga mafuta, injini ikalia kwa nguvu, mshale wa mizunguko ukaruka, lakini gari lenyewe likawa linajikokota kama punda aliyechoka. Nyuma yangu lori la kontena lilikuwa linapiga honi mfululizo. Nilijivuta hadi kando ya barabara, nikazima, nikapiga simu yadini. Jibu lilikuja kabla sijamaliza kueleza: "Mama, gari lilitoka hapa likiwa zima. Wewe ndiye umeliua."

Wengi wetu husikia maneno hayo tukanyamaza. Tunakopa, tunatengeneza, tunaambiana kwamba gari la mkono wa pili ni bahati nasibu. Mimi nilikwenda mahakamani bila wakili, na pesa za matengenezo nililipwa. Ninaandika hatua nilizofuata, pamoja na yale ambayo ningeyafanya mapema zaidi kama ningeyajua.

Mwongozo huu ni wa Kenya. Mahakama ninayoizungumzia imeundwa na Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, ikaanza kazi mwaka 2021 Milimani, Nairobi, na sasa ipo pia Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret na miji mingine. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Anayesikiza huitwa mwamuzi, naye ni mwanasheria aliyeteuliwa kwa kazi hiyo. Unaweza kujisemea mwenyewe, na kwa Kiswahili.

Jambo moja utakalopimwa nalo

Kabla ya fomu na ada, lielewe hili, kwa sababu kila hatua inayofuata inalitumikia. Kuonyesha kwamba gari limeharibika hakutoshi. Magari huharibika. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba ubovu ule ulikuwemo ndani ya gari siku uliyokabidhiwa, na kwamba uliambiwa kitu kingine au ulifichwa.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Inasema pia kwamba anayenunua kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo ana haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa kuuzwa. Yadi ni mfanyabiashara wa magari, kwa hiyo imo. Jirani yako anayeuza gari lake la nyumbani si mfanyabiashara, naye utamshika zaidi kwa maneno aliyokuambia. Juu ya hayo kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, inayokataza kumdanganya mnunuzi kuhusu hali, ubora au historia ya bidhaa, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinachompa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili.

Lakini sheria hiyo ya Sura ya 31 ina tundu lake. Ikiwa ulilikagua gari kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Taa iliyopasuka, tairi lililoisha, mkwaruzo wa mlangoni: hayo uliyaona, au ulipaswa kuyaona. Ubovu wa ndani ya giaboksi, au mita iliyorudishwa nyuma, ni kitu kingine kabisa.

Usiliguse gari kabla ya kukusanya ushahidi

Hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Gari likizima, silika yetu ni kumwita fundi wa mtaani aje afungue saa ileile. Akishafungua, akatupa kipuri cha zamani na kumwaga oili kwenye mtaro, ushahidi wako umekwenda na mtaro.

Fanya hivi badala yake. Palepale lilipozima, piga picha ya dashibodi ionyeshe kilomita na taa zilizowaka. Piga video yenye sauti ya injini. Tuma ujumbe yadini siku hiyohiyo, kwa maandishi, hata kama umeshapiga simu: "Gari mliloniuzia tarehe fulani limezima leo saa fulani, giaboksi haishiki. Naomba mje mlikague kabla halijafunguliwa." Ujumbe huo una kazi mbili. Unaonyesha kwamba ulilalamika mara moja, na unawanyima nafasi ya kusema baadaye kwamba hukuwapa fursa ya kuliona. Wape siku tatu au nne. Mimi yadi haikuja, na kutokuja kwao kukawa sehemu ya kesi yangu.

Kisha tafuta fundi anayeweza kuandika ripoti na kuisimamia mbele ya mwamuzi. Chama cha magari cha AA Kenya hufanya ukaguzi kwa malipo, na gereji yoyote yenye anwani, mhuri na fundi mwenye cheti inafaa. Ripoti iliyoandikwa "giaboksi mbovu" haina thamani. Muombe fundi ajibu maswali matatu kwa maandishi: ameona nini, ubovu huo huchukua muda gani kufikia hali hiyo, na je, mtu aliyeliendesha kwa siku tisa anaweza kuusababisha?

Fundi wangu aliliinua gari, akafungua sahani ya chini ya giaboksi, akaniita nije nione. Oili ilikuwa nyeusi kama kahawa ya buni iliyoungua, na harufu yake ilikuwa ya kuungua vilevile. Kwenye sumaku ndogo zilizo chini ya sahani kulikuwa na unga wa chuma umejaa, mzito, ukibanduliwa unabaki kidoleni. "Huu si wa siku tisa, mama," alisema. "Hii ni miezi." Akanionyesha pia gundi mpya pembezoni mwa sahani, ya rangi tofauti na ile ya zamani, kumaanisha kuna mtu aliyekuwa amefungua hapo karibuni. Yote aliyapiga picha, karibu na kipande cha gazeti la siku hiyo. Hilo la gazeti lilikuwa wazo lake, na ni zuri.

Kisha akafungua boneti. Kwenye chuma cha juu ya radieta kulikuwa na kibandiko kidogo cha karatasi, cha aina wanayobandika kwenye vituo vya kubadilisha oili, chenye tarehe ya mwaka mmoja nyuma na namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: 112,340. Dashibodi ilikuwa inasoma 81,000 na ushei. Waliorudisha mita nyuma walisahau kubandua karatasi.

Kwa hiyo kagua vibandiko: chini ya boneti, kwenye ukingo wa mlango wa dereva, ndani ya kitabu cha sevisi kama kipo. Kama gari limeingia karibuni kutoka Japani, itafute karatasi ya mnada kwa kutumia namba ya chasi. Karatasi hiyo huandikwa kilomita na daraja la gari siku ya mnada, na magari yaliyogongwa yakatengenezwa mara nyingi hupewa daraja R au RA. Yadi iliyokuambia "halijawahi kuguswa" itapata kazi kuieleza karatasi hiyo.

Weka kipuri cha zamani. Kitie kwenye gunia, ukiandike tarehe, ukihifadhi mpaka kesi iishe.

Ushahidi wa karatasi ndio unaobaki: mkataba wa mauzo, risiti, taarifa ya M-Pesa na ya benki, tangazo la gari kama lilivyoonekana mtandaoni (piga picha ya skrini kabla hawajalifuta), na mazungumzo ya WhatsApp. Yasome mazungumzo hayo taratibu. Ndani ya mazungumzo yangu nilikuta sentensi ambayo nilikuwa nimeisahau, muuzaji akinijibu swali kabla sijalipa arubuni: "Giaboksi iko sawa kabisa dada, na mileage ni ya ukweli." Sentensi hiyo ilikuwa na thamani kuliko mkataba wote.

Usitume picha za skrini peke yake. Toa mazungumzo yote kutoka kwenye simu, yenye tarehe na namba, na uambatanishe cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotajwa katika kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Ni ukurasa mmoja unaosema ulitumia simu gani, ilikuwa inafanya kazi vizuri, nani alichapisha, kisha unatia sahihi. Mahakama hii haifungwi sana na kanuni kali za ushahidi, lakini wakili wa yadi atakuuliza cheti kiko wapi, na ni afadhali uwe nacho.

Kurudisha gari au kubaki nalo?

Amua mapema, kwa sababu njia hizi mbili hazifanani. Ukitaka kulikataa gari na kurudishiwa pesa zote, sema hivyo haraka na uache kuliendesha. Mtu aliyekaa na gari miezi mitano, akilipeleka kazini kila siku, sheria humhesabu kuwa amelikubali; kinachombakia ni fidia ya hasara tu. Ukitaka kubaki nalo, unadai gharama ya kulitengeneza.

Kuna pia suala la kiwango. Magari mengi ya yadi yanazidi shilingi milioni moja. Ukidai kurudishiwa bei ya 1,400,000, umeshatoka nje ya mahakama hii. Itabidi uende mahakama ya hakimu, ambako mambo ni marefu zaidi. Lakini dai la matengenezo ya 250,000 kwa gari hilohilo linaingia bila tatizo. Na kama dai lako ni 1,080,000, unaweza kuamua kuacha 80,000 ili libaki hapa. Usilikate vipande viwili ukafungua kesi mbili. Haikubaliwi.

Mimi nilinunua kwa 870,000, kwa hiyo njia zote mbili zilikuwa wazi. Nilichagua kutengeneza, kwa sababu bodi na injini vilikuwa vizuri na gari nililihitaji.

Unamshtaki nani hasa?

Swali hili linaonekana jepesi mpaka ulifikie. Jina lililo kwenye bango la yadi mara nyingi si jina la mtu wala la kampuni iliyosajiliwa. Aliyekuhudumia ni mfanyakazi wa kamisheni. Pesa ulituma kwa namba ya mtu mwingine. Logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ilikuwa kwa jina la mtu wa nne. Ukimshtaki asiyehusika, utapata hukumu safi ya karatasi isiyoweza kukulipa shilingi.

Anza na mkataba: nani ametajwa kama muuzaji, na mhuri una jina gani? Kisha nenda kwenye huduma za usajili wa biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ikiwa ni kampuni, omba hati ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Ikiwa ni jina la biashara tu, fanya utafutaji upate mwenye jina hilo, na umshtaki yeye kwa jina lake "anayefanya biashara kwa jina la" yadi hiyo. Kisha tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari, kwa kutumia namba ya usajili, uone nani alikuwa mmiliki kabla yako na kama kuna benki iliyoandikwa pamoja naye.

Yadi nyingi zina magari ya watu wengine, wanayauza kwa niaba. Zikibanwa husema, "Sisi tulikuwa madalali tu, mtafute mwenye gari." Ikiwa hukuambiwa hivyo wakati wa kununua, na mkataba ni wao na pesa wamepokea wao, wao ndio wauzaji kwako. Ikiwa mkataba unamtaja mwenye gari, washtaki wote wawili pamoja, mwamuzi aamue nani alipe. Ni rahisi kumwondoa mtu katika kesi kuliko kumwongeza baadaye.

Na kama utafutaji wa NTSA unaonyesha kwamba logbuku uliyopewa ni ya bandia, au gari ni la wizi, hilo ni jinai. Nenda polisi kwanza, uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.

Barua ya madai

Usiende mahakamani kabla ya kuandika barua. Yadi nyingine hulipa hapohapo, kwa sababu mwenye yadi anajua hesabu: siku tatu za kukaa mahakamani zinamgharimu. Na asipolipa, barua inaonyesha kwamba ulimpa nafasi. Iwe fupi, bila matusi, bila vitisho vya kuwapeleka kwenye televisheni. Mfano:

"Tarehe 4 Machi nilinunua kwenu gari lenye namba ya usajili (andika) kwa shilingi 870,000, nilizolipa kwa M-Pesa na benki. Kabla ya kulipa, mfanyakazi wenu alinihakikishia kwa maandishi kwamba giaboksi ni nzima na kilomita ni za kweli. Tarehe 13 Machi giaboksi ilikufa. Niliwaarifu siku hiyohiyo na kuwaomba mje mkague, hamkuja. Ripoti ya fundi, ambayo nakala yake nimeambatanisha, inaonyesha kwamba ubovu ulikuwepo kabla ya mauzo na kwamba mita ilirudishwa nyuma. Nadai shilingi 186,100 kwa mchanganuo ufuatao. Msiponilipa ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo bila kuwaarifu tena, na nitadai gharama na riba."

Peleka mwenyewe nakala mbili, watie mhuri moja ubaki nayo. Wakikataa kupokea, tuma kwa kuria, barua pepe na WhatsApp. Alama mbili za buluu ni ushahidi.

Mchanganuo wangu ulikuwa huu: giaboksi ya kubadilisha 145,000, kazi ya fundi 18,000, oili yake 9,600, gari la kuvuta kutoka Mazeras 8,500, ripoti ya ukaguzi 5,000. Jumla 186,100. Kila namba ilikuwa na risiti. Mahakama za Kenya zina kanuni isiyolegea kuhusu gharama za aina hii: lazima uzitaje moja moja na uzithibitishe. Niliandika pia 12,000 za matatu na teksi kwa wiki tatu nilizokaa bila gari, nikazifuta mwenyewe kabla ya kuwasilisha kwa sababu sikuwa na hata risiti moja. Leo ningezitunza tangu siku ya kwanza.

Kufungua kesi

Kesi hufunguliwa kwenye mfumo wa Mahakama wa mtandaoni, efiling.court.go.ke. Unajisajili kwa kitambulisho na barua pepe, unachagua kituo cha mahakama, unapakia hati zako, mfumo unakupa ankara, unalipa kwa simu, unapewa namba ya kesi yenye herufi E na mwaka. Kama kompyuta si rafiki yako, saiba zilizo karibu na mahakama zimezoea kazi hii, na makarani wa masjala huelekeza mtu anayeuliza kwa heshima. Chagua kituo cha mahali yadi inapofanyia biashara au mahali mlipofungia mauzo.

Utakachopakia ni maelezo ya dai kwenye fomu ya mahakama, taarifa yako kama shahidi, taarifa ya fundi, orodha ya hati, na hati zenyewe zikiwa zimepigwa namba za kurasa. Hizo namba za kurasa zifanye kwa uangalifu. Mwamuzi ana kesi nyingi siku hiyo, na ukiweza kusema "Mheshimiwa, ukurasa wa 14" akafungua akakiona kibandiko cha oili, umeshamsaidia kukuelewa.

Katika maelezo ya dai, simulia kwa mpangilio wa tarehe. Acha hasira nje. Usiandike kwamba ni matapeli. Andika walisema nini, lini, na ukweli ukawa nini.

Una miaka sita ya kufungua kesi ya mkataba, lakini usingoje. Mafundi huhama, simu hupotea, na yadi za magari hufungwa usiku mmoja zikafunguliwa kwa jina jingine.

Kumfikishia mdaiwa hati

Kesi haisogei mpaka mdaiwa awe amepewa hati. Kwa kampuni, zifike kwa mkurugenzi, katibu au afisa wake mkuu, au kwenye ofisi yake iliyosajiliwa. Mlinzi wa getini si kampuni. Unaweza kumtumia mpelekaji hati aliyeidhinishwa na mahakama, na kanuni za sasa zinaruhusu pia barua pepe na WhatsApp kwa anwani na namba ambayo mtu huyo huitumia. Baada ya hapo hati ya kiapo inawasilishwa kueleza nani alipewa, lini, wapi, na alisema nini. Nimeona watu wakirudishwa nyumbani siku ya kesi kwa sababu hati ya kiapo haikueleza mpelekaji alijuaje kwamba aliyempa ndiye mkurugenzi.

Muda wa kujibu umeandikwa kwenye hati yenyewe. Akikaa kimya mpaka muda upite, unaomba hukumu itolewe bila yeye. Akijibu, soma majibu yake usiku uleule. Anaweza pia kuleta madai kinzani, kwa mfano kwamba hujamaliza kulipa bei, na hayo lazima uyajibu.

Siku ya kusikizwa

Vikao vingi hufanyika kwa njia ya video. Angalia orodha ya kesi asubuhi, ingia mapema, jiandike kwa jina lako na namba ya kesi, ukae mahali pa utulivu. Mwamuzi huitwa Mheshimiwa. Anaweza kuwauliza kwanza kama mnaweza kupatana, na si vibaya kusikiliza. Mkipatana, msitoke na ahadi ya mdomo. Yaandikwe, yawe amri ya mahakama, yataje tarehe za malipo, na yaseme kwamba akikosa awamu moja tu deni lote lililobaki linadaiwa mara moja.

Pande zote zikikubali, mwamuzi anaweza pia kuamua kwa kusoma hati tu, bila mashahidi. Mimi nilikataa. Nilitaka aisikie sauti ya fundi wangu.

Jiandae kwa hoja tatu ambazo karibu kila yadi huzileta. Ya kwanza: "Uliliendesha kwa majaribio ukaridhika." Jibu lako ni kwamba kuzunguka na gari kwa dakika kumi barabarani hakuonyeshi unga wa chuma ndani ya giaboksi. Ya pili: "Mkataba unasema gari limeuzwa kama lilivyo." Hii ndiyo inayowatisha watu, na wengi huishia hapo. Maneno hayo hayamruhusu muuzaji kukuambia uongo kuhusu kilomita, na Sheria ya Kulinda Watumiaji inasema haki inazompa mnunuzi hazifutwi na mkataba. Ya tatu ni ile ya "wewe ndiye umeliua", na hapo ndipo ripoti inapofanya kazi yake.

Ukiulizwa swali, jibu lililoulizwa, kisha nyamaza. Wakili wa yadi aliniuliza kama mimi ni fundi. Nilisema hapana. Akauliza nitajuaje basi kwamba ubovu ulikuwa wa zamani. Nilisema mimi sijui, fundi anajua, naye yuko hapa. Fundi wangu aliulizwa maswali kwa karibu nusu saa, akarudi kila mara kwenye picha za sumaku. Hakupandisha sauti hata mara moja.

Huhitaji kuthibitisha bila chembe ya shaka. Hiyo ni ya kesi za jinai. Hapa inatosha maelezo yako yawe na uwezekano mkubwa kuliko ya mwenzako. Baada ya kusikiza, sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku tatu. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za sheria tu.

Kupata pesa zenyewe

Hukumu haijilipi. Omba hati ya amri inayotaja kiasi, gharama na riba, umpelekee mdaiwa, umpe siku chache. Yadi ina jambo moja zuri kwako: mali yake imepangwa nje, mbele ya watu wote, yenye bei kwenye kioo. Asipolipa, omba hati ya kukamata mali na umkabidhi dalali wa mnada mwenye leseni. Kumbuka tu kwamba magari yaliyomo humo yanaweza kuwa ya watu wengine, nao wana haki ya kuja mahakamani kuyadai, kwa hiyo dalali aanze na yale yaliyo kwa jina la kampuni. Njia nyingine ni kuomba amri ya kuzuia pesa zilizo kwenye akaunti yake ya benki. Taarifa ya benki uliyolipia gari tayari inakupa namba ya akaunti hiyo. Kwangu dalali alifika yadini mara moja tu, asubuhi, akaanza kuandika namba za magari kwenye daftari lake. Pesa ziliingia kabla ya saa tisa.

Kwa wale waliorudishiwa bei yote na kulirudisha gari: usiache funguo na kuondoka. Piga picha ya kilomita na ya gari pande zote, andikianeni hati ya makabidhiano yenye tarehe na saa, na uhakikishe umiliki umehamishwa kwenye mfumo wa NTSA siku hiyohiyo. Sheria ya Trafiki humhesabu aliyeandikwa kwenye rekodi kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na likimgonga mtu wiki ijayo, jina la kwanza watakalolitafuta litakuwa lako.